Udongo Uliokwisha Kuchomwa

Vumbi la Buguruni halipigi hodi. Linaingia na jua la asubuhi, linatua kitandani kwa Bi Zubeda, linatua juu ya mkono wake wa kulia uliolala tangu kiharusi kimpige. Ulimi nao umelala.

Mwanaheri amekuja kuomba neno moja. Ndiyo, au hapana. Basi.

Huyu mama ndiye somo yake. Alipovunja ungo ndiye aliyemweka ndani, akamfinyangia vinyago vya udongo mbichi: mwanamke anazaa, mwanamke anacheka, mwanamke kainua mkono anakataa. Mwali akishaelewa, somo huvitia majini vikayeyuka, siri ikabaki kifuani. Ndivyo walivyofundwa wote, mama na bibi zao.

Kwenye kinyago cha yule anayekataa, jamani, Mwanaheri kapata kila kitu: usanii wake, udaktari wake wa chuo kikuu, ubishi wake na wanaume wa vikaoni. Vitabu alivisoma baadaye. Akafinyanga vya kwake, lakini roho ya kuviyeyusha hakuwa nayo. Akavichoma kwenye tanuri lake kule Goba, vikawa vigumu, visipotee tena. Jumamosi vinaonyeshwa kwa watu. Ruhusa ya somo alisema ataiomba tu, kesho, wiki ijayo, si unajua mambo ya mjini. Kiharusi hakikumngoja.

"Shikamoo, somo."

Macho yanaitikia. Mdomo unatetemeka, hautoi kitu.

Anamwekea kimoja cha vile alivyovichoma, yule anayekataa, kwenye mkono ulio mzima. "Nivionyeshe, somo? Nibonyeze kidole tu, nitaelewa."

Bi Zubeda hambonyezi. Anakipapasa kinyago tumbo, shingo, ule mkono ulioinuliwa. Chozi linamtoka, na Mwanaheri hajui ni la furaha au la uchungu. Anaogopa, anaogopa kweli.

Mama anageuza macho kwenye beseni la maji. Najat, binti yake anayemuuguza, amezoea kuyasoma macho hayo, analisogeza. "Anataka kunawa, dada."

Hataki kunawa. Anakilaza kinyago majini, taratibu, kama anayeogesha mtoto. Halafu anasubiri.

Maji yametulia, safi, unaona hadi chini, na kinyago kizima vilevile. Bi Zubeda anakisugua kwa kidole gumba. Anakisugua tena. Anainua macho kumtazama mwali wake, anataka aambiwe kulikoni.

Mwanaheri, na usomi wake wote, anapiga magoti kando ya beseni, naye anatia mikono, wanasugua pamoja.