Chemchemi Iliyohama Bondeni

Dominika alikuwa anatwanga kisamvu nyuma ya jiko chemchemi ilipobisha hodi. Hakuacha kutwanga. "Karibu," alisema. Chemchemi ikapita chini ya mlango, ikajikusanya karibu na mtungi, ikatulia kama mkwe aliyefika bila taarifa.

Ilikuwa ile ya bondeni, chini ya ukingo wa Newala, aliyoichota mama yake, na kabla yake bibi yake, mpaka shingo zao zikakomaa. Ilieleza kwa ufupi. Miti iliyoifunika ilikwishakuwa mkaa. Jua liliipiga utosini, na mvua ya Desemba siku hizi huja inapotaka, na ikija huondoka na udongo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Dominika, akaitengea ndoo ya bluu yenye kifuniko.

Mgeni wa namna hiyo hafichwi. Jioni majirani zake, Anjelina na Mama Ashraf, walikuja kumjulia hali, wakapanga zamu ya kumlaza. Zamu hazikuwa ngeni kwao. Nyumba tatu zilipikia moto mmoja ili kuni zipungue. Wanawake walilinda bonde kwa makundi, wakapanda mikuyu pembezoni mwa maji, na aliyechoma shamba bila kuwaambia wenzake alisusiwa hata ngomani. Miche ilishika. Ila tajiri wa mkaa alikuwa na kibali, na kibali hakisusiwi.

Kibali chenyewe kilikuwa kinakwisha. Mkaguzi Charles angekuja kijijini kusikiliza pingamizi, kisha akiongeze muda au akifute. Kikifutwa, mikuyu ingekua na chemchemi ingerudi kwake. Kikiongezwa, bonde basi. Wanawake wakakubaliana kwamba shahidi awe chemchemi yenyewe, maana hakuna aliyejua habari kuliko yeye.

Siku ya mkutano Dominika aliibeba kichwani, akaitua mbele ya ofisi ya kijiji. Mkaguzi alifika amechelewa. Umri wake ni wa kitindamimba wa Dominika, lakini shikamoo hakuitoa kwa mtu. Mwenyekiti Bwanali akasema mgeni hawezi kusikiliza na njaa. Ugali ukaletwa, na jogoo wa Anjelina.

Mkaguzi akanyoosha mikono bila kumtazama mtu. Dominika, aliyefundwa unyagoni kwamba mgeni hali kabla hajanawishwa, alichukua kata, akafunua ndoo, akamnawisha. Alimnawisha vizuri, mpaka viwiko. Alipokumbuka, ndoo ilikuwa tupu.

"Mama Ambrosi!" Anjelina alimnong'oneza Dominika. "Umemmwaga shahidi!"

"Mikono imetangulia kichwa, mwenzangu," alisema Dominika.

Mkaguzi alikula, akajifuta kwa leso. Mikono haikukauka. Akaifuta kwenye suruali. Maji yaliendelea kudondoka kwenye ncha za vidole, safi na baridi. Mwenyekiti alisogeza karatasi zisilowe, akafungua mkutano.

"Pingamizi?"

"Shahidi wetu yuko mikononi mwako, baba," alisema Dominika.

"Nimemwona," Mkaguzi alijibu, akijikung'uta. "Ila tuambiane ukweli. Hali ya hewa mnaiharibu nyinyi akina mama, na mafiga yenu. Moshi asubuhi, moshi jioni! Tumieni majiko banifu."

Hapo lori lilipita, limerundikwa magunia ya mkaa kuliko kimo cha nyumba, likielekea barabara ya Ndanda. Mkaguzi alinyamaza lipite, kwa sababu ya kelele.

"Sisi nyumba tatu moto mmoja," Mama Ashraf alipaza sauti. "Lile linampikia nani?"

Watu walicheka. Mkaguzi naye alicheka. Wino ungechuruzika, kwa hiyo hakutia saini. Aligonga muhuri. Kibali kiliongezwa, naye akapanda gari, na chemchemi ikaenda naye.

Siku hizi wanawake wa kijiji huchota maji ofisini kwake mjini. Hupakizana kwenye bodaboda na ndoo zao, hupanga foleni nyuma ya wenye barua. Mkaguzi huwanyooshea mikono juu ya ndoo huku simu ameibana begani. Hagombi. Husema ni huduma kwa wananchi. Malori hupita chini ya dirisha lake. Mikuyu iling'olewa, wakapanda mingine juu zaidi mlimani, nayo ikang'olewa, na sasa wanaotesha miche ndani ya masufuria mabovu.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya Dominika. Maji hujaa polepole, na kimya kilimchosha.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, bibi."

"Kala msitu mzima, anamsuta sisimizi kwa kubeba jani."

Mkaguzi aliweka simu chini. Alitaja tembo, akataja nzige, akataja moto. Dominika alitikisa kichwa kila mara.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Chukua Masasi."

"Masasi nimeikataa. Nipe bonde langu."

"Bonde lina mwenyewe, bibi," alisema kwa upole kabisa. "Chukua Lindi. Haya, chukua Mtwara na bandari yake."

Ndoo ilikuwa imejaa. Dominika alizungusha ngata, akajitwika, akaelekea mlangoni bila kumpa jibu.

"Siafu!" Mkaguzi alimwitia mgongoni. "Ni siafu, eti, bibi?"