Kitufe cha Kucheka na Kushindwa

"Mimi herufi hizo mbili sizijui," alisema Eom Tae-sik, kaegemea mashine ya kahawa kama mtu aliyeinunua. "Vidole vyangu havijawahi kuziandika, na leo si siku ya kujifunza."

Herufi zenyewe zilikuwa g mbili. Katika mchezo wa vita wa kompyuta, mchezaji akiona jeshi limekwisha na ngome inaungua, huziandika kwenye skrini ili mwenzake azione: umecheza vizuri, nimekubali. Kisha hutoka. Watu huzisoma jiji. Pale Masan, mji wetu wa bandari kusini mwa Korea, katika ukumbi wa kompyuta wa Mama Tak, ghorofani juu ya duka la kuku wa kukaanga, mtu angeweza kusahau viatu vyake mlangoni lakini si kuandika jiji kabla ya kuinuka. Ilikuwa ndiyo adabu. Tae-sik, kwa maelezo yake mwenyewe, adabu hiyo haikumhusu, kwa sababu hajawahi kushindwa.

"Na juzi ulipopigwa na yule dereva wa lori la samaki?" aliuliza Mama Tak, akipangusa kibodi kwa kitambaa.

"Ile umeme ulikatika, mama mdogo."

"Ulikatika kwenye kompyuta yako peke yake. Na mguu wako ulikuwa juu ya swichi."

Watu wakacheka. Tae-sik naye akacheka, maana kucheka hakukuwa na gharama na fainali ilikuwa inaanza.

Fainali ya mkoa, si mchezo. Mshindi angepanda basi kwenda Seoul, aishi katika nyumba ya timu iliyoanzishwa na kampuni moja ya tambi, acheze kwenye ligi inayoonyeshwa na televisheni, avae koti lenye jina lake mgongoni. Baba yake Tae-sik, ambaye hajapata kuamini kwamba mtu mzima anaweza kupata wali kwa kubonyeza vitufe, alikuwa amempa neno moja tu: ukishinda nenda, ukishindwa, unarudi darasani kurudia mtihani wa chuo kikuu, na kompyuta usiiote tena. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Atakayeandika jiji hafiki jijini.

Miaka michache nyuma mambo hayakuwa hivyo. Mashindano ya ukumbini yalikuwa ya kugombea katoni ya tambi, na sheria ilikuwa ya mwenye sauti kubwa. Sasa kulikuwa na kamera ya televisheni ya mtaa, kanuni zimebandikwa ukutani, na refa kabisa. Refa Ban alikuwa karani wa benki mpaka benki ikafungwa, mwaka ule nchi ilipoishiwa fedha. Asubuhi moja alikuja ukumbini amevaa suti, ili mkewe adhani yuko kazini. Kesho yake akaja tena. Akawa anakuja kila siku kucheza karata kwenye kompyuta ya pembeni, hasemi na mtu, mpaka Mama Tak akamwambia, "Kaka, kwa kuwa unakuja na tai, si utuamulie ugomvi?" Akaamua mmoja, akaamua wa pili, akaandika kanuni. Tangu hapo hakuna aliyerushiwa kiti. Ukumbi mzima ulimshukuru kwa hilo, na yeye, ingawa hakusema, alikuwa anaushukuru ukumbi zaidi.

Kanuni zake mbili kila mtu alizijua kwa moyo. Anayeandika jiji ameshindwa, hata kama anaongoza. Anayemdhihaki mwenzake anatolewa.

Mpinzani wa Tae-sik alikuwa Pyo Hae-ran, msichana aliyemzidi umri kidogo, fundi wa kuunganisha redio kiwandani, mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Wenzake wa kiwandani walikuwa wamejaa nyuma ya kiti chake.

"Dada, umeleta leso ya machozi?" Tae-sik alimuuliza walipokuwa wanapeana mikono.

"Nimeleta mbili. Moja yako."

Wakaketi, migongo imeelekezana, kila mmoja na skrini yake. Hae-ran alianza vizuri, akamnyima Tae-sik nafasi ya kupumua mwanzoni, lakini akatuma jeshi lake mbali mno, na Tae-sik akapita mlango wa nyuma. Ngome ya Hae-ran ikashika moto. Tae-sik tayari alikuwa anajiona kwenye basi, kiti cha dirishani, koti limekunjwa mapajani.

Hapo ndipo skrini yake ikaandika, kutoka kwa Hae-ran: hehe.

Tae-sik akakunja uso. Nyumba inaungua, mwenye nyumba anacheka? Ameficha nini? Akazungusha ramani yote haraka haraka, hakuona jeshi, hakuona mtego. Basi ni dharau. Angemwita refa, Hae-ran angetolewa kwa dhihaka; lakini damu ilishampanda. "Subiri nikucheke na mimi," alinong'ona, mabega yakimtikisika, akabonyeza kitufe chake cha kucheka mara mbili.

Sasa, kibodi zetu zina mambo. Kitufe kimoja kinabeba herufi mbili, yetu na ya Kizungu. Pale penye g ndipo ilipo herufi yetu ya h. Ukiwa upande wa Kikorea, kibonyeze mara mbili, umecheka: h mbili, ambazo kwetu husomwa hehe. Ukiwa upande wa Kizungu, kitufe kile kile, mara mbili zile zile, umejisalimisha. Kinachotenga kicheko na kushindwa ni kitufe kidogo cha kugeuzia lugha, na mtu mwenye haraka hukigusa kwa kidole gumba bila habari.

Kwenye skrini ya Tae-sik, kwa jina lake, mbele ya kamera, zikakaa g mbili.

Refa Ban, ambaye ile hehe ilikuwa imempita, akainua mkono. "Jiji. Mshindi ni Pyo Hae-ran."

Wasichana wa kiwandani wakaruka. Wengine wakapiga kelele kwamba haiwezekani, kijana alikuwa anashinda. Refa akaonyesha ukuta: kanuni ni kanuni. Tae-sik akainuka kitini. Angesema nini? Akisema alitaka kujibu kile kicheko, anatolewa pamoja na Hae-ran kwa dhihaka. Akinyamaza, ameshindwa. Aliliona darasa lile la kurudia, madirisha yake yasiyofunguka, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ufunguliwe akakosa neno.

"Refa," alisema Hae-ran, "mimi sikucheka."

"Unasemaje?"

"Ile hehe. Nilijisalimisha. Niliandika jiji, kumbe kibodi ilikuwa upande wa Kikorea. Nilikuwa natazama vidole, si skrini."

"Hae-ran, keti," mwenzake alimvuta sketi. "Umeshapewa, wewe. Funga mdomo."

"Nimepewa na kitufe."

"Na kitufe kina kosa gani? Si kimekupenda?"

Hae-ran hakuketi. Refa Ban akaja kwenye kibodi yake, akabonyeza g mara mbili kwa kidole kimoja, polepole. Skrini ikacheka. Akanyooka.

"Aliyejisalimisha kwanza ni huyu," alisema. Kisha akamgeukia Tae-sik. "Na wewe? Ulikuwa unashinda. Kwa nini uliandika jiji?"

Neno likarudi, tena likarudi limevaa vizuri. "Nilikuwa namshukuru, refa. Jiji si kusema umecheza vizuri? Nikaona dada kacheza vizuri, moyo ukashindwa kungoja." Akainamisha kichwa kwa heshima, juu ya heshima akaongeza nyingine.

Refa akamtazama. "Kijana ana adabu," alisema mwishowe. "Mshindi ni Eom Tae-sik."

Baba yake alipopigiwa simu aliuliza kama Seoul kuna baridi na kama koti lenyewe lina pamba ndani. Refa Ban akapiga simu nyingine, jina likapokelewa huko makao ya ligi, akaondoka mapema kwenda kumwambia mkewe kwamba naye ataonekana kwenye televisheni. Waliobaki wakashuka chini kula kuku.

Tae-sik alimmiminia Hae-ran soda kwa mikono miwili, kama anavyomiminiwa mkubwa.

"Dada, asante. Mimi nisingesema. Ningekaa kimya mpaka basi lifike Seoul."

"Najua. Ndiyo maana nilisema haraka, kabla sijafanana na wewe."

"Mwakani nawe utakuja."

"Mwakani nitakupiga. Kuja ni jambo jingine."

Macho ya Tae-sik yalikuwa yanamwasha, akasingizia pilipili. Akasimama na glasi yake, maana shukrani zilimjaa mpaka kooni na hakuwahi kujua kukaa nazo kimya. Akamshukuru Mama Tak kwa viti, kwa tambi zenye yai, na kwa kutomfukuza siku za mitihani. Akamshukuru Refa Ban ingawa hayupo. Akamshukuru baba yake kwa kuuliza habari za pamba. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na angeketi hapo angekuwa mtu wa maana.

"Lakini zaidi ya wote," akaendelea, mkono kifuani, "ni dada yangu huyu. Wenyewe mmeona. Vita vimepamba moto, mimi nimeacha jeshi langu, nikamwandikia asante."

Mama Tak akaweka bakuli la figili za siki mezani. "Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chako," alisema.

Glasi ya Tae-sik ikashuka kidogo. "Wakati gani, mama mdogo?"

"Wakati wa asante. Nilikuletea maji, nikangoja umalize."

"Basi uliona."

"Niliona mabega. Na masikio ninayo." Akavuta kiti, akaketi karibu na Hae-ran. "Mwanangu, unataka kujua huyu mwenye shukrani alisema nini kabla ya kubonyeza?"

Hae-ran akaweka chini paja la kuku, akafuta vidole kimoja kimoja, akamtazama Tae-sik aliyekuwa bado amesimama.

"Hapana, mama," alisema. "Mwache aseme mwenyewe."