Mkaguzi na Mkwe

Fundi cherehani alikuwa mlangoni akipinda suruali ya mteja, paka wake aliporudi kutoka kaburini. Walimzika nyuma ya tangi la maji. Alijikung'uta udongo, akapita chini ya cherehani kama kawaida yake, akaenda kumlalia mkwe, mke wa mtoto wa fundi, ubavu wa kulia, chini ya mbavu.

"Mkaguzi, miguu hiyo!" fundi alisema, maana shuka zilikuwa zimefuliwa asubuhi.

Jina hilo walimpa kwa kuwa hakuna sufuria asiyoifunua. Alikufa macho yakiwa ya manjano. Mkwe naye macho yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa, ila kule zahanati waliambiwa vipimo vimeisha, warudi. Wakarudi. Vimeisha.

Akaja daktari wa mifugo na mkoba wake. Alitafuta kirusi kipya cha paka, ndugu yake kile kinachowapa watu homa ya ini. Mkaguzi akatoa mguu.

"Damu ya marehemu huja polepole," daktari alisema, akasubiri.

"Na huyu mkwe wangu je, baba?" fundi aliuliza.

"Mama, mimi nina kipimo cha paka."

"Basi mwandike paka. Usingizi anao, maziwa anapenda, amepungukiwa masharubu tu."

"Nyau," mkwe alisema kutoka kitandani, bila kufumbua macho.

Daktari akacheka. Halafu akaacha, maana mkwe alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

"Kipimo hiki hakitamwona," daktari alisema.

Majibu hayakukawia. Mkaguzi alikuwa nacho hicho kirusi. Watu wakaja na gari, wakampiga picha, wakamletea maziwa ya kopo.

Mkwe alipofariki, hakuna aliyejua kimemuua nini. Gauni lake la mwisho fundi alilishona kwa mkono, maana cherehani ina kelele.

Jioni moja mkwe naye akarudi, pindo lina udongo, akaketi mlangoni na Mkaguzi mapajani. Daktari alipopita kuchukua damu nyingine, paka akatoa mguu, mkwe akatoa mkono. Daktari akachoma mguu, akashukuru, akafunga mkoba.

Mkono ukabaki vilevile hewani. Wateja waliofuata suruali zao waliinama, wakapita chini yake.

"Ushushe, mwanangu," fundi alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Utachoka bure."

Hakuushusha.