Injini Iliyoachishwa Ziwa

Usinibishie: kivuko cha fundi Masizi kilitoa moshi mzito hata kuku wa ng'ambo wakawa wanapanda kulala saa saba mchana. Mwenyewe aliuona moshi huo kuwa heshima.

Aliyeteseka ni mkewe, mkata tiketi, aliyekaa nyuma kabisa, chini ya bomba la moshi. Kikohozi kilimtikisa kama chekeche. Daktari akamwambia: moshi usipokwisha, acha kazi hiyo, ushuke nchi kavu. Masizi alitania mbele ya watu, lakini moyoni aliogopa kumkosa kivukoni. Tangu waoane hawajawahi kula cha mchana mbalimbali.

Basi ilipotoka amri kwamba vivuko, boti na matingatinga yatumie dizeli yenye salfa kidogo, yeye ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Akajaza tangi siku hiyo hiyo. Moshi ukakonda, ukawa kama mvuke wa chai. Mkewe akaanza hata kuimba.

Siku si nyingi, pampu ikaanza kuvuja. Masizi akachuchumaa, akanusa matone. Hayanuki kitu.

"Injini inalia," akasema. "Mtoto kaachishwa ziwa ghafla mno."

Kila asubuhi akawa anachota kibakuli cha dizeli ya zamani kutoka pipa alilolificha, anaimiminia injini huku akiibembeleza. Na kweli, matone yakapungua! Akajiona tabibu. Kibakuli kikawa sufuria, sufuria ikawa ndoo. Moshi ukarudi, na kikohozi nyuma yake.

"Baba watoto, mbona bomba limefufuka?"

"Upepo tu huo, mama watoto."

"Upepo gani mweusi?"

Siku ya ukaguzi akaja binti mmoja na chupa yake. Akachota mafuta tangini, akayapima, akakunja uso.

"Mzee, salfa hii inaua mbu wa wilaya nzima. Nikifunge kivuko, au utaniambia umechanganya nini?"

Masizi alikuwa na uongo mtamu tayari, wenye radi na samaki wawili ndani yake. Akamtazama mkewe, ameinama, mkono kifuani. Akaumeza uongo wake.

"Ilikuwa inalia, binti. Nikainyonyesha."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa tena. Mkaguzi akapapasa pampu.

"Ni sili za mpira hizi, mzee, zinazoziba maungio ya pampu. Zilivimba kwa mafuta ya zamani. Haya mapya yamezisinyaza, ndiyo maana inavuja. Weka sili mpya, osha tangi, kesho napima tena."

"Na pipa je?" mkewe akauliza.

"Pipa gani?" Masizi akajitia kushangaa.

"Hilo unalolifunika makoti ya mvua kama mgonjwa wa homa."

Masizi akalibingirisha mwenyewe mpaka miguuni kwa mkaguzi. Tangi lilipokwisha kumwagwa mafuta, akavua shati, akajipenyeza nusu mwili ndani na matambara. Mkewe akasimama nje akimpokeza, akigonga bati la tangi kila mara.

"Uko hai?"

"Niko! Wewe nenda kapumzike nchi kavu!"

"Sugua hiyo kona, bwana. Mimi sishuki."