Vifuko vya Darasa la Kwanza

Kifuko cha kumi na nne kilikuwa chini ya sindano Bibi Fundi alipoishiwa na uzi mweupe. Akasimamisha cherehani kwa kiganja, akapaza sauti kuelekea chumba cha jirani.

"Mjomba Suruali! Una uzi mweupe hapo?"

"Ninao. Ila usinirudishie rola tupu kama juzi."

"Na hiyo juzi ulikula wapi mchana, kama si kwenye sufuria yangu?"

Jirani akacheka, akauleta uzi mwenyewe. Naye alikuwa fundi, na kwa miaka yote waliyoishi ukuta kwa ukuta hakuwahi kushona kitu kingine ila suruali. Ndiko jina lilikotoka. Akaokota kifuko kimoja kwenye fungu, akakivuta kamba.

"Vya nini hivi?"

"Vya shule, darasa la kwanza. Wiki iliyopita karani alitaka kumi, leo anataka ishirini vingine vya akiba. Nadhani ni vya vijiti vya kuhesabia."

"Kazi safi. Humu hata panya hatoki."

Bibi Fundi alifurahi. Kazi ya shule ndiyo iliyolipa pango: sare kila mwanzo wa mwaka, na katikati ya mwaka vitu vidogo vidogo kama hivi. Vitu vidogo aliviheshimu. Mafundi wengine hukata uzi wakasahau. Yeye alirudisha mshono mara tatu, akafunga fundo kwa ndani, maana mtoto ni mtu wa kuvutavuta. Tena alikata kila kifuko kipana kidogo kuliko kipimo, vijiti vipate nafasi.

Saa sita na nusu mjukuu wake alirudi. Siku zote ilitangulia sauti, mwili ukafuata. Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Chiriku. Leo aliingia kimya. Mkono wa kushoto aliuweka nyuma.

"Hujambo, mjukuu wangu? Ulimi umeusahau shuleni?"

"Sijambo. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeficha nini huko?"

Mtoto akautoa mkono. Ulikuwa umevikwa kifuko cheupe mpaka kwenye kifundo, kamba imefungwa ikazungushwa mara mbili. Kamba ilikuwa imetafunwa ikawa na manyoya.

Bibi Fundi hakuhitaji kuvaa miwani. Aliujua ule mshono kama anavyoujua mwandiko wake. Mara tatu, na fundo kwa ndani.

"Nani amekufunga?"

"Mwalimu. Sisi wote tunaoandika kwa kushoto. Tuko tisa, na mmoja alilia akatapika. Mwalimu kasema tusivue hata nyumbani mpaka mkono usahau." Akaongeza haraka, kama anayemtetea mtu, "Babu bawabu alinifungulia ninywe maji. Halafu akanifunga tena. Akasema, nisamehe mama, nami nina watoto."

Bibi Fundi akamvuta karibu, akakata kamba kwa mkasi. Vidole vilitoka vimekunjamana kwa jasho. Akavifuta kimoja kimoja kwa upindo wa kanga yake, akivitazama. Vidole hivi ndivyo vilivyomtungia sindano kila asubuhi tangu macho yake yaanze ukungu. Mama wa mtoto hufagia ofisi za watu, hutoka kabla ya jua. Bibi na mjukuu ndio hushinda pamoja.

"Nilijaribu kufungua kwa meno," Chiriku akasema. "Hakikufunguka, Bibi. Kimeshonwa vizuri sana."

Bibi Fundi akakaa kwenye kigoda. Akaliangalia lile fungu la vifuko. Kisha akachukua wembe, akavuta kifuko cha kwanza, akaanza kufumua.

Mjomba Suruali alichungulia mlangoni. "Unavifanyaje tena?"

"Ninavirekebisha."

Saa nane alikuwa mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, fungu limefungwa vizuri kwa kitambaa. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mkali wa sura. Alimpa kiti, akamwulizia miguu, akaagiza aletewe maji. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi Bibi Fundi: kwamba mtu mwenye adabu hivi angeweza kumfunga mtoto mkono.

"Mwalimu, yule Chiriku ni mjukuu wangu."

"Ahaa! Mtoto mwerevu. Tatizo ni huo mkono tu."

"Mkono una tatizo gani? Mwandiko wake ni mbaya?"

"Mzuri. Lakini benchi moja wanakaa watoto watano, Bibi. Mmoja akiandika kwa kushoto, anagongana kiwiko na mwenzake, daftari linachafuka, vurugu. Mwezi ujao mkaguzi anakuja. Anataka kuona darasa limenyooka."

"Basi si muongeze benchi?"

Mwalimu Mkuu akatabasamu kwa uchovu, akaelekeza kidole kwenye rundo la barua kabatini. "Benchi nimeziomba miaka minne. Benchi ziko wilayani, Bibi. Mkono uko hapa hapa."

Karani, aliyekuwa akiandika pembeni, akacheka kidogo puani kama aliyesikia mzaha mzuri.

"Na tusidanganyane," Mwalimu Mkuu akaendelea, "samaki mkunje angali mbichi. Wewe ni mtu mzima, unalijua hilo."

"Nalijua. Hata akiwa mbichi, Mwalimu, samaki anayekunjwa ameshakufa."

Mwalimu Mkuu akaacha kutabasamu, akalivuta fungu kwake. Akahesabu vifuko viwili viwili. Ishirini. Akachukua kimoja, akaingiza mkono kupima.

Vidole vyake vikatokea upande wa pili.

Akavitazama. Akavichezesha, kana kwamba haamini ni vyake. Akachukua cha pili. Cha tatu. Karani alisimama apate kuona vizuri.

"Hivi vimetoboka."

"Havikutoboka. Tazama pindo, nimelikunja na kulishona. Ndivyo vilivyo."

"Vifuko visivyo na kitako?"

"Karani aliniambia ni vifuko vya darasa la kwanza. Hakuniambia ni pingu. Vile kumi vya kwanza nilivishona kwa ujinga, na ujinga huo nitaulalia mimi. Hivi nimevishona kwa akili."

"Bibi Fundi, unaharibu kazi."

"Nimezaa watano, nimewazika wawili, nimeshona sare za shule hii tangu wewe hujahamia hapa. Watoto wote wa hapa nimewakatia kitambaa kimoja, rangi moja, mpaka kwa mgongo huwezi kumjua huyu na yule. Sikusema kitu. Nikajua ndani ya sare bado kuna mtoto. Sasa mnataka na humo ndani mfike?"

Mwalimu Mkuu akavirudisha vifuko kwenye kitambaa, polepole, akakifunga fundo.

"Karani atampelekea fundi mwingine," alisema. "Na sare za mwaka ujao vilevile. Mtoto aje kesho kama wenzake, au asije."

Getini, bawabu alimfungulia akiwa ameinamisha kichwa. Bibi Fundi alisimama mbele yake.

"Ahsante kwa yale maji."

Mzee yule akatikisa kichwa kama mtu aliyetukanwa.

Saa kumi karani alipita mtaani na fungu kwapani. Hakumtazama. Akaingia mlango wa pili. Bibi Fundi alisikia sauti mbili za chini, kisha Mjomba Suruali akatoka, akasimama kizingitini kwa Bibi Fundi, kofia mkononi.

"Mama, nina sita wanaokula kwangu."

"Najua, mwanangu."

"Nisiposhona mimi atashona mwingine."

"Ndivyo kila mtu anavyosema." Akampa rola ya uzi mweupe, bado imejaa nusu. "Shika. Nilikukopa."

Muda si muda cherehani ya ng'ambo ya ukuta ikaanza kulia. Mtu ambaye hajawahi kushona ila suruali.

Chiriku alikuwa sakafuni na daftari, akiandika kwa mkono wa kulia. Herufi zilianguka huku na huku kama walevi. Mkono wa kushoto Bibi Fundi hakuuona, mpaka alipoinama: mtoto alikuwa ameukalia. Hakuna aliyemfunga. Kifuko kilikuwa kimevuliwa tangu mchana, kiko kwenye kapu la matambara.

Alitaka kupiga kelele. Badala yake akachukua sindano na uzi, akamnyoshea.

"Nitungie, mama. Macho yangu hayanisaidii."

Chiriku akaitazama sindano. Akatazama nje, njia ilivyojaa watu. Mlango ule haukuwahi kufungwa mchana. Ndio uliokuwa dirisha lao na taa yao.

Akainuka, akaufunga, akasukuma na komeo.

Ndipo, gizani, akautoa mkono wake wa kushoto, akatunga uzi mara moja tu.