Mkono Mbele ya Lenzi

Filda hakuwahi kuipenda mieleka ile. Kwa muda wote ambao mumewe alikuwa akiwaelezea watu filamu za mieleka za Wajapani katika sebule ya jirani yao, Mzee Maftah, yeye alikaa upande wa pili wa ukuta, kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yao, akimenya ndizi na kusikiliza. Aliisikia sauti ya Komakech ikipanda na kushuka, akasikia vicheko, na mara mojamoja kishindo cha mtu anayeangushwa katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Picha zenyewe hakuziona. Alisema hana haja ya kwenda kutazama watu wazima wakipigana, kana kwamba vipigo vimeadimika mjini.

Sasa ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1977, na Komakech alikuwa hajaonekana tangu Februari. Alikuwa askari polisi, Mwacholi, na miezi ile jina la Kiacholi au la Kilango, makabila yaliyoshukiwa na serikali ya kijeshi, lilitosha kumfanya mtu asirudi nyumbani. Asubuhi moja alipiga viatu vyake rangi, akaenda kazini, basi. Filda alikwenda kituoni kuuliza, wakamwambia huenda amekimbia. Alipokwenda tena wakamwuliza yeye ni nani hata aulize sana hivyo. Hakuna aliyesema amekufa. Na kwa kuwa hakuna aliyesema, hakuna aliyeweza kumlilia, kwa sababu kuweka matanga ilikuwa sawa na kuwanyooshea wakubwa kidole. Kulikuwa na mama mmoja wa Ntinda aliyekalisha watu uani kwake kumlilia mwanawe. Walikuja wanaume wenye miwani myeusi wakamwuliza nani amemwambia kwamba kijana amekufa, wakaondoka naye.

Erinayo, kaka yake Filda, aliendesha lori la ngozi lililovuka Busia kwenda Kenya. Alikwisha kumsihi waondoke pamoja, akakataa. Safari hii alikuja kumwambia kwamba anavuka Ijumaa alfajiri, na yeye mwenyewe harudi tena. Filda akamjibu kama siku zote: hawezi kuifunga nyumba ambayo mwenyewe hajarudi wala hajaliliwa. Akija akute kufuli, atamwambia nini? Erinayo hakubishana. Alisema tu kwamba atasimama kwenye kona, karibu na kiwanda cha matofali, na kwamba hatakaa sana.

Wiki hiyohiyo, Jumatatu, Taban alibisha mlango kwa Mzee Maftah.

Taban alikuwa sajini wa jeshi, mtu wa West Nile, kwao na rais mwenyewe, aliyekaa nyumba chache kutoka kwao hapo Kisugu. Zamani hakukosa filamu hata moja. Alikaa mkekani mbele kabisa, bereti kichwani, akicheka mpaka akajishika mbavu, na Komakech alikuwa akimtania kwamba siku moja Wajapani watamsikia. Tangu Februari hakukanyaga pale. Sasa alisimama mlangoni akasema Alhamisi anataka kuona mieleka. Mzee Maftah akamwambia kwa upole kwamba mwenye kueleza hayupo.

"Shemeji iko," Taban akasema. "Yeye alikuwa nasikia kila siku. Yeye ataeleza."

Hakuwa mkali. Lakini hakuna aliyemkatalia sajini. Filda alipoambiwa, alijiuliza mtu huyu anatafuta nini, kama ni kicheko tu au anataka kuona iwapo mke wa Komakech ana macho mekundu ya kulia. Akaona si haki kumhukumu kabla ya kujua, ila usingizi ulimtoka.

Mikebe ya filamu ilikuwa mali ya Komakech. Alipewa na fundi wa Kijapani aliyekuja kutengeneza mashine za kiwanda cha mashati, ambako Komakech aliwekwa kulinda lango. Fundi alipomaliza mkataba aliinama mara kadhaa, akamwekea mikebe mezani na kwenda zake. Maandishi yake hakuna aliyeyasoma, maneno yake hakuna aliyeyaelewa. Komakech alikuwa na Kiingereza kizuri cha shule ya misheni, na alipenda kusema kwamba hakijawahi kumfaa kidogo namna ile. Projekta ilikuwa ya Mzee Maftah, aliyefanya kazi ya kuonyesha picha katika sinema moja ya mjini mpaka wenye sinema, Wahindi, walipofukuzwa nchini wakamwachia.

Jumanne mchana, Filda aliporudi kutoka shuleni alikofundisha Kiingereza, walitundika mablanketi madirishani, na Salme, binti wa Mzee Maftah, akanyoosha shuka ukutani. Kwa mara ya kwanza Filda akatazama.

Mwanzoni hakuona kitu. Ilikuwa miili tu, inashikana na kuachana. Alitega sikio kwa mtangazaji, kwa mazoea ya mwalimu anayedhani kila lugha ina mlango, lakini maneno yalimwagika kama maji bombani. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo Komakech alimwambia siku moja wakila: usimsikilize anayesema, sikiliza watu waliokaa. Watu wa huko, alisema, wanatulia kama wako ibadani. Wakivuta pumzi pamoja, ujue jambo limetokea.

Filda akafumba macho. Akangoja. Ukumbi ule wa mbali ukavuta pumzi, na papo hapo, kutoka ukutani alikozoea kuyasikia, maneno ya Komakech yakamjia yenyewe. Akafumbua macho haraka kuona yanamhusu mwanamieleka gani. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Alimpata yule ambaye Komakech alimwita Fundi Bomba, ambaye hukunja mikono ya wenzake kama anafunga koki. Alimpata Bwana Posta, mwenye uso uliofungwa kama bahasha, anayechelewa kuingia siku zote. Alimpata Mzee Blanketi, ambaye kila ugomvi huumaliza kwa kumlalia mtu. Alijua kwamba mabega mawili yakigusa chini mwamuzi hupiga mkono sakafuni, kwamba aliyeshika kamba lazima aachiwe, na kwamba Mzungu mwenye nywele ndefu ana makosa hata akiwa amesimama tu. Hapo Komakech hakuwahi kumtetea.

Jumatano alianza kuyasema kwa sauti. Yalitoka na mapumziko yaleyale, na kile kikohozi kidogo kabla ya utani. Salme, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, aligeuka akamtazama.

"Dada Filda, punguza," akasema. "Hapo umemleta kabisa."

Walifika mkebe wa mwisho. Katikati yake Mzee Maftah alinyoosha mkono akauweka mbele ya lenzi. Shuka likawa jeusi. Gizani ikalia kengele, ikanyamaza, ikalia tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Filda aliijua kengele hiyo. Kila ilipolia, Komakech alipaza sauti, "Kengele ya chakula hiyo, nani hajanawa?" na sebule nzima ikacheka, hasa askari wa kambini walioikimbilia kengele ya namna hiyo kila siku.

Mkono ulipoondoka, mieleka ilikuwa inaendelea. Filda aliuliza ule mkono ni wa nini. Mzee akaeleza kwamba kule sinema, watu wakija na watoto na wakwe, picha ikifika mahali pa kubusiana yeye huziba kwa mkono mpaka ipite. Komakech alipotazama mkebe huu peke yake mara ya kwanza, alimwomba aufanyie vivyo hivyo mahali pale.

"Alisema watu wamekuja kucheka," Mzee akamalizia. "Ukitaka kuona, mwanangu, nitautoa."

Filda alisema hapana, uache. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini.

Alhamisi baada ya alasiri sebule ilijaa. Joto lilikuwa kali chini ya mablanketi. Taban alikaa mahali pake pa zamani, bereti kichwani. Filda alisimama kando ya shuka, mahali ambapo mumewe alikuwa akisimama, akaanza. Watu walikaa wima waliposikia maneno ya Komakech. Kisha wakaanza kucheka, kwanza kwa hofu, baadaye kwa kweli. Bwana Posta akachelewa, Fundi Bomba akafunga koki. Taban hakucheka. Alikuwa akimtazama Filda zaidi kuliko shuka.

Mkebe wa mwisho ukawekwa. Mkono wa Mzee Maftah ukanyooka, giza likaingia, kengele ikalia.

Watu walingoja utani. Filda alifungua kinywa, na ukutani hakukutoka kitu. Kengele ikalia tena. Alimsikia mtu akijikohoza. Akatambua kwamba sauti aliyoibeba wiki nzima imemwacha hapo, na kwamba sasa lazima aseme kwa yake.

"Mzee Maftah," akasema, "toa mkono."

Mkono ukatoka. Kwenye shuka wanamieleka wote walikuwa wamesimama kuuzunguka ulingo, wabaya na wazuri, Fundi Bomba bega kwa bega na yule Mzungu, vichwa vimeinama. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Katikati ya ulingo mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeusi alishika picha ya mwanamume kijana aliyekuwa akitabasamu, na pembe za picha zimefungwa utepe mweusi. Mtu mmoja alipiga kengele, akangoja mlio uishe, akapiga tena.

"Shemeji," Taban akasema kutoka mkekani. "Wao nafanya nini?"

Salme alimtazama Filda akitikisa kichwa kidogo sana, asiseme.

"Wanamlilia mwenzao," Filda akasema.

"Yeye iko wapi?"

"Hayupo. Hata mwili haupo hapo. Wana picha tu, na kengele."

Kengele ikalia. Taban akavua bereti yake, akaishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, akasimama. Salme naye akasimama, kisha baba yake kando ya projekta, kisha wote, na kwa muda sebule ile ikawa kama sehemu ya ule ukumbi, safu za nyuma kabisa. Hakuna aliyetoa kilio cha kusikika. Kengele ilipokoma, watu walivuta pumzi pamoja.

Walipotawanyika Taban alibaki akikunja mkeka. Aliukunja vizuri, akausimamisha pembeni. Halafu akamwuliza Filda lori la kaka yake linatoka saa ngapi.

Filda hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za lori, hata Salme. "Lori gani, afande?" akauliza.

"Panda," Taban akasema. Aliyaelekeza macho yake kwenye shuka tupu. "Wao iko na picha. Wewe iko na picha yake?"

"Ninayo."

"Basi."

Filda alitaka kumwuliza kama alimwona Komakech, na wapi, na ameuawa kwa mkono wa nani. Lakini Taban alikwisha kuvaa bereti na kutoka, na jioni hiyo hakuna aliyejua kama mtu yule amemhurumia tu au amekiri kwamba mkono wake ulikuwamo. Filda hakuamua. Aliona kwamba amepewa alichokuwa akikosa tangu Februari, neno la mtu anayejua kwamba Komakech harudi tena.

Salme alichana utepe kutoka kwenye buibui lake la zamani. Waliufunga wote wawili kwenye pembe za picha ya Komakech, ile aliyopigwa akiwa na sare mpya, na Filda akaifunika kwa kanga.

Alfajiri alifunga milango miwili, akampa Salme ufunguo. Alipopita kibarazani alisimama akaweka sikio ukutani, kama alivyofanya asubuhi zote. Ukuta ulikuwa wa baridi na haukusema kitu. Kule kwenye kiwanda cha matofali injini ilikuwa ikinguruma. Akaikumbatia picha, uso wake ukiwa umeelekea mbele, akaenda.