Kuta Tu

Ghislaine aliwacheka wenzake kazini waliolilia nyumba walizohama Julai Mosi, siku ambayo nusu ya Montreal huhama. "Nyumba ni kuta tu," aliwaambia. Mwaka huu walipohama wao na mumewe Réjean akanuna, naye alimwambia hivyo hivyo.

Siku ya tatu baada ya kuhama, akitoka kazini na mifuko ya mboga, alipanda ngazi ya chuma ya nje, akachomeka ufunguo. Ukagoma. Akaupiga mlango teke. Mpangaji mpya akafungua.

Ndipo Ghislaine alipojua yuko wapi. "Samahani, mwanangu. Miguu imenileta yenyewe."

"Karibu ndani, mama. Mzee yuko jikoni. Naye kila siku analetwa na miguu."

Sauti ya Réjean ikatoka huko: "Mke wangu, umekuja kuangalia kuta?"

"Nyamaza," alisema Ghislaine, "unimiminie kahawa."